Bomba la Inchi Tano

Tone la kwanza liliangukia trei ya skonzi. Nikadhani ni shira ya kaimati, maana shangazi alikuwa anazichovya pale pale pembeni, nikaligusa kwa kidole na kuonja. Lilikuwa chungu kama shubiri, lina harufu ya samaki wa kukaushwa kwa moshi. La pili likanidondokea mkononi. Nilipoinua macho nikaona mchirizi mweusi unaong'aa, umeanzia kwenye kiungo cha bomba la moshi na kuteremka juu ya bomba jipya ambalo fundi alikuwa amelipaka rangi ya fedha siku sita tu kabla.

Skonzi 48 zikaenda kwa kuku wa jirani.

Naoka mikate Ilala, kwenye banda la uani la nyumba ya familia. Kabla yangu banda hilo alipanga mwoka mikate mwingine. Alipohama aliondoka na tanuri lake, akaacha dohani ya matofali ya kuchoma yenye urefu wa futi 18, na ndani ya dohani hiyo bomba la chuma alilolishusha mwenyewe miaka kadhaa nyuma ili moshi usipite moja kwa moja kwenye matofali. Miaka yote nilioka kwa gesi, dohani nikaitumia kutundikia ufagio. Mtungi wa kilo 38 ulipoanza kuniishia katikati ya oda, nikaanza kuitazama dohani kwa jicho lingine.

Najua kuna atakayeuliza: kuni, zama hizi? Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mimi siupingi. Chai, maharage na mchuzi vinapikwa kwa gesi. Lakini mkate wa sinia na boflo vya jiko la chuma vina ganda ambalo jiko langu la gesi halijawahi kunipa, na wateja wangu wa Ramadhani wanalijua ganda hilo. Nilitaka kuwasha kuni siku tatu kwa wiki, na moshi utoke nje, usibaki vifuani mwetu.

Jiko lenyewe nililipata Lushoto, kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa inafanya ukarabati. Chuma cha kusubu, tanuri pembeni, mlango wa kioo uliopasuka kidogo kwenye kona. Lilishuka Mombo juu ya lori la kabichi na kufika Soko la Ilala alfajiri, dereva akanitoza nauli ya magunia manane. Watu wanne walilibeba hadi bandani huku wakinilaani kwa adabu.

Fundi wangu ana karakana ya kuchomelea Gerezani. Ni mtu mzuri na mkono wake ni msafi, tena bado namtumia, kwa hiyo haya yote yasisomwe kama kumsema. Alipima tundu la moshi la jiko: inchi 6. Akapima bomba lililoning'inia ndani ya dohani: inchi 5.

"Dada, hii ni inchi moja tu. Nakuundia ridyusa, kesho unaoka."

Ridyusa ni kipande cha kuunganishia bomba pana na jembamba. Nikakubali. Inchi moja ni nini kwa mtu anayesubiri Ramadhani wiki tatu mbele?

Turudi kwenye yale matone. Fundi alikuja, akalinusa tone, akasema kuni zangu ni mbichi. Hapo alikuwa sahihi nusu. Mwembe niliouziwa ulikuwa na majimaji, na kuni mbichi huungua kwa kinyongo: joto linaishia kukausha maji, moshi unapanda ukiwa umepoa, na unapogusa chuma baridi unageuka jasho jeusi linalonata kama lami. Jasho hilo likiganda ndani ya bomba linakuwa chakula cha moto. Likishika siku ukiwasha kwa nguvu, dohani nzima inanguruma, na hapo ni kupiga 114 kuwaita Zimamoto. Nusu ambayo fundi hakuisema ni kwa nini jasho hilo lilitoka nje ya bomba badala ya kuteremka ndani na kurudi jikoni likaungue.

Jibu nililipata kwa simu, kwa mzee aliyelihudumia jiko hilo kule Lushoto kwa miaka mingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Jiko linasemaje?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Bomba la juu limelivaa la chini, au limeingia ndani yake?"

Nikaenda kutazama na simu sikioni. "Limelivaa, mzee. Kama kofia."

"Ndiyo maana linalia. Geuzeni. La juu liingie ndani ya la chini, kila kiungo, kuanzia jikoni mpaka juu kabisa."

Fundi hakutaka kusikia. Kwa mtu aliyezoea kuezeka bati, bati la juu hulifunika la chini, maana mvua inatoka juu. Hoja yake ya pili ilikuwa na nguvu zaidi: moshi unapanda, sasa ukiacha mdomo wa kiungo unatazama juu, si moshi utatokea hapo hapo? Sikuwa na maneno ya kumjibu, nikachukua vipande viwili vya bomba vilivyobaki, nikavichomeka kwa mtindo wake, nikamimina jagi la maji kwa juu. Maji yakatiririka nje kwenye kiungo na kulowanisha viatu vyake. Nikavichomeka kwa mtindo wa mzee. Maji yote yakatokea chini.

"Haya, maji sawa. Na moshi?"

Moshi tuliupima kwa udi. Dohani ikishapata moto, ndani ya bomba hewa inavutwa kwenda juu, kwa hiyo kwenye ufa wowote ni hewa ya banda inayoingia ndani, si moshi unaotoka. Shangazi alisogeza chetezo karibu na kiungo, na ule uzi wa moshi wa udi ukapinda, ukanyonywa ndani ya ufa kana kwamba kuna mtu anavuta kwa mrija. Fundi alitazama muda mrefu. Kisha akazima mashine yake, akaomba spana, akaanza kufungua alichokifunga.

Ningependa kusema mambo yakaisha hapo. Matone yaliisha. Lakini sasa nilikuwa nikifungua mlango wa jiko kuongeza kuni, moshi unanipiga usoni. Uvutaji ule tulioupima kwa udi ulikuwepo moto ukiwa umechachamaa tu. Ukipungua kidogo, moshi unasimama kwenye bomba kama gari Ubungo saa kumi na moja jioni, unatafuta pa kutokea.

Alhamisi ya wiki ile shangazi alikuwa amefunga sunna. Saa nane mchana akasema kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka. Tukasema ni swaumu na jua. Nami nilikuwa na uzito fulani kwenye paji la uso, nikausingizia usingizi mdogo. Kijana anayetukandia unga naye akaketi juu ya gunia, akashika kichwa. Huyo hakuwa amefunga. Alikuwa amemaliza sahani mbili za ugali muda si mrefu.

Hapo ndipo damu ilinisisimka. Watu watatu, kichwa kimoja. Moshi wa kuni una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na dalili zake za mwanzo ni hizo hizo: kichwa, kichefuchefu, uchovu. Tulitoka wote uani, tukaketi chini ya mwembe, mlango tumeuacha wazi. Ndani ya saa moja vichwa vikawa vyepesi. Moto ulijizimia wenyewe na skonzi zilizokuwa ndani zikawa mkaa.

Sababu ya siku ile ilikuwa feni. Nilikuwa nimefunga feni kubwa ukutani ya kutoa joto, na kwa kuwa jirani anajenga ghorofa tulifunga mlango na madirisha vumbi la saruji lisiingie kwenye unga. Feni inatupa hewa nje, na hewa ya kuziba pengo lazima itoke mahali. Mahali pekee palipobaki wazi ni dohani. Kwa hiyo feni ilikuwa inauvuta moshi kutoka juu na kuturudishia ndani. Baadaye nilijaribu nikiwa nimesimama mlangoni: feni ikiwaka, moshi wa udi mbele ya jiko unakuja kwangu, ikizimwa, unasita, kisha unageuka kuelekea jikoni.

Tukakubaliana: jiko likiwa na moto, feni imezimwa, dirisha la nyuma liko wazi, vumbi au si vumbi. Lakini nilijua feni haikuwa peke yake, maana moshi ulinipiga usoni hata siku ambazo feni haikuwaka.

Jambo ambalo tungepaswa kulifanya kabla ya kununua hata skrubu moja tulilifanya siku ile ya Ijumaa, baada ya swala. Tulichungulia. Nilitoa bomba la kuunganishia, nikaingiza kioo cha kujipakia wanja kwenye tundu la dohani, nikakiinamisha. Saa saba mchana, jua la utosi, ningepaswa kuona duara la mwanga kama sarafu. Niliona mwanga uliokatwakatwa, kama wa nyuma ya tenga.

Kijana wa fundi akapanda juu. Dohani haikuwa na kofia. Alituteremshia kwa kamba kitu ambacho mwanzoni sikukielewa: fungu la waya lililosukwa, kubwa kuliko ungo wa kupepetea mchele. Waya za kufungia nondo, vipande vya henga, waya wa simu, kijiti cha mshikaki. Kiota cha kunguru. Wakazi wa Dar wanawajua hawa kunguru wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, wakavuka hadi bara na kuugeuza mji wetu kuwa wao. Penye ujenzi hawahangaiki na vijiti, waya wanazikuta bure. Ghorofa la jirani ndilo lililowapa vifaa, na dohani yangu ndiyo iliyowapa kiwanja. Sehemu ya kiota ilikuwa juu ya mdomo, sehemu imezama ndani ya bomba kama futi moja.

Kisha akavuta bomba lenyewe kidogo ili aone lilivyofungwa, na kipande cha kiganja kizima kikamvunjikia mkononi. Alinirushia. Kilikuwa chepesi kama ukoko wa wali, kimetobokatoboka, ukikiinua juani unaona nyota. Miaka ya masika imeingia moja kwa moja bila kofia, maji yakakutana na masizi ya zamani yakawa tindikali, na upepo wetu una chumvi ya bahari. Chuma cha kawaida hakina maisha hapo. Nilikuwa nimeunganisha jiko la chuma cha kusubu na kitu ambacho ningeweza kukivunja kwa vidole.

Mpangaji wa zamani simlaumu. Bomba lake lilikuwa la tanuri lake, na tanuri lake halipo. Mimi ndiye niliyeona tundu ukutani nikadhani ni dohani.

Ile inchi moja nayo nikaielewa jioni hiyo, nikiwa nimekaa nimenuna kati ya makopo ya kuokea. Nina makopo ya inchi 6 na ya inchi 5, kimo sawa. Kwa mkono yanakaribia kulingana. Nikajaza maji ya lile dogo, nikayamimina kwenye kubwa: yakafika zaidi kidogo ya theluthi mbili, yakakoma. Ukizidisha 6 kwa 6 unapata 36, na 5 kwa 5 unapata 25, kwa hiyo nafasi ya kupita moshi ilipungua karibu theluthi moja. Nimeoka miaka kumi na moja na ninajua kwamba unga wa kopo la sita haukai kwenye kopo la tano. Nilishindwa kulijua hilo kwa moshi. Bomba la dohani lisiwe jembamba kuliko tundu la jiko, basi. Ridyusa ikatupwa kwenye chuma chakavu.

Fundi alileta kwanza bati la kawaida lenye zinki, geji nyembamba, bei ya kirafiki. Nikakataa. Zinki kwenye joto la karibu na jiko inaungua na kutoa moshi wake yenyewe, na mimi nimeshaugua vya kutosha. Tukaenda wote kutafuta stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Muuzaji mmoja aliweka sumaku kwenye karatasi ya chuma, haikushika, akatutazama kwa ushindi. Sumaku inasaidia kuzitenga stenlesi za hali ya chini zinazoshika, lakini haikuambii kama iliyobaki ni ya daraja la 304 au 316, na ya pili ndiyo inayostahimili chumvi zaidi. Tuliomba tuone chapa iliyogongwa kwenye karatasi. Kwenye duka la nne tukaiona.

Hesabu ya kukata nilifanya mimi, na naringa nayo. Mzingo wa bomba la inchi 6 ni kama sentimita 48. Karatasi ya futi 4 kwa 8 ina sentimita 244 upande mrefu. Vipande vitano, kila kimoja urefu wa futi 4, na kinachobaki ni ukanda usiofika upana wa vidole vitatu. Vikiingiliana inchi mbili mbili, vinatoa futi 19 na ushei, dohani yangu ni 18. Fundi alivikunja, akachomelea mshono, akafinya ncha moja ya kila kipande. Tulivishusha ncha iliyofinywa ikitazama chini, skrubu tatu kila kiungo. Bila kuambiwa. Kijana wake alitaka kugeuza kipande cha tatu, fundi akamkemea: "We, unataka lilie?"

Chini tuliweka sahani ya chuma kuziba pengo kati ya bomba na matofali, na juu vivyo hivyo, ili hewa ya joto isipotelee pembeni. Badala ya kona kali, jiko linaingia kwenye tii, kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T, yenye kifuniko kwa chini: masizi yanadondoka humo, Jumamosi nafungua na kukung'uta. Sehemu ya bomba inayolala ni fupi kuliko kiganja changu. Viungo vya ndani ya banda tulivisiliba kwa simenti ya kuhimili moto. Kamba nyeupe ya zamani ambayo fundi alitaka kunizungushia mlango wa jiko niliikataa, sikuwa na hakika kama si asbesto, zile nyuzi zinazodhuru mapafu. Rafu ya masinia iliyokuwa karibu na bomba tuliihamisha. Ilikuwa imeanza kuwa ya kahawia upande mmoja na hakuna aliyeliona hilo. Juu kabisa, kofia yenye wavu.

Kuni nimehamia kwenye mkorosho, umepasuliwa na kukaa miezi chini ya bati. Mzani wa unga ndio unaoniamulia: naandika uzito wa gogo moja kwa chokaa, kila wiki nalipima, likiacha kupungua basi rundo lake liko tayari. Shangazi hahitaji mzani, anagonga vijiti viwili na kusikiliza.

Halafu kuna asubuhi. Hili Lushoto hawakuniambia kwa sababu kwao halipo. Kule alfajiri nje ni baridi, moto mdogo tu unatosha kuifanya hewa ya ndani ya bomba iwe nyepesi kuliko ya nje, na moshi unaondoka. Hapa saa kumi na moja alfajiri mwezi Machi hewa ya nje ni ya joto na yenye unyevu, ndani ya dohani ni vile vile, hakuna anayemsukuma mwenzake. Ukiwasha kuni moja kwa moja, banda linajaa. Kwa hiyo nafungua kifuniko cha tii, nawasha kurasa mbili za gazeti humo ndani, nasubiri nisikie ule mvumo mwembamba unapanda. Nikiusikia nafunga kifuniko, ndipo nawasha jiko. Dakika tatu. Kijana wa unga aliona ni uganga mpaka siku niliyomwachia awashe yeye.

Ramadhani ile tuliikuta tukiwa na wiki moja mkononi, na mvua zilianza siku ya pili. Bomba lilikaa kavu. Kunguru walirudi, wakashindana na wavu siku mbili tatu, waya mdomoni, kisha wakahamia kwenye nguzo ya umeme.

Kilichobaki ni kusi. Ukivuma kwa nguvu, Juni na Julai, unagonga ukuta wa ghorofa la jirani na kujikunja chini, juu ya dohani yangu kabisa. Siku hizo moshi unasita na mlango wa jiko unatema kidogo. Fundi anasema tuongeze bomba futi nne na kulifunga kwa waya. Mimi nasema siku za namna hiyo naoka kwa gesi. Tulikuwa bado tunabishana wiki iliyopita, tumesimama uani na vikombe vya chai, mashine ya zege ikaanza kunguruma ng'ambo ya ukuta: wanamwaga ghorofa ya tatu.